Mto Mmoja, Sheria Mbili

(Maoni ya juma, kama yalivyosomwa redioni Jumapili usiku)

Juma hili sikuchagua mada mwenyewe. Nimeletewa na mama mmoja wa Magomeni, kwa barua ya kurasa tatu, yenye mwandiko wa mtu aliyesoma zamani na hakusahau. Amenikataza kutaja jina lake, nami nimetii. Lakini ameniruhusu kueleza yaliyomo, kwa kuwa, asema, huenda wako wengine wenye mzigo kama wake.

Binti wa mama huyu alishinda bahati nasibu ya viza ya Marekani miaka sita iliyopita. Anaishi katika mji uitwao Vancouver. Si ile Vancouver ya Kanada. Hii ni ya jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya Marekani. Kila jioni huvuka daraja la mto Columbia na kuingia Portland, mji wa jimbo la pili, Oregon, kwenda kazini. Siku zote aliwaambia wazazi kwamba anafanya kazi katika ukumbi wa starehe. Naam, ni ukumbi wa starehe. Mwezi uliopita binamu yake alimtembelea, akarudi na habari kwamba katika ukumbi huo wanawake hucheza uchi mbele ya wateja wanaokunywa bia. Binti mwenyewe hachezi. Anakaa mlangoni, anapokea viingilio na kukagua vitambulisho.

Basi nyumba ikawaka moto. Wajomba wa binti wamekaa kikao wakakata shauri: fedha anazotuma zisipokelewe tena. Na fedha hizo ndizo zinazomlipia ada mdogo wake aliye kidato cha tatu. Hoja yao kubwa ni kwamba mtoto yule anavunja sheria ya nchi ya watu, ipo siku atafungwa, arudishwe na pingu. Ushahidi wao ni maneno ya binamu: kule Vancouver anakoishi binti, wenyeji walimwambia kwamba kumbi za namna hiyo zilikuwa haziruhusiwi kuuza hata chupa moja ya bia. Iweje basi ng'ambo ya daraja ziuze? Lazima, wasema wajomba, ule wa Portland ni wa magendo.

Mama ananiuliza swali moja tu: "Je, mwanangu anavunja sheria?"

Mama yangu, shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili, kisha nikafungua vitabu. Nitakujibu, lakini jibu lenyewe lina safari, na nakuomba unifuate polepole.

Kwanza tuelewe kwamba Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake na sheria zake za jinai. Sisi jambo hili halipaswi kutushangaza sana. Ukipanda boti pale bandarini Dar es Salaam ukateremka Unguja, umo ndani ya Jamhuri ile ile, lakini Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi lake, ina Sheria ya Adhabu yake, na mambo ya vileo inayapanga yenyewe. Maji ya bahari ni yale yale. Kilichobadilika ni kitabu cha sheria. Sasa lizidishe jambo hilo mara 50, ndipo utapata picha ya Marekani.

Juu ya majimbo yote iko Katiba ya taifa. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba hiyo yanalinda uhuru wa mtu kujieleza. Je, kucheza uchi ni kujieleza? Msikilizaji anaweza kucheka, lakini majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani wamelihangaikia swali hili si mara moja.

Mwaka 1981 kulikuwa na shauri la mji mdogo wa Mount Ephraim, jimbo la New Jersey, uliokuwa umepiga marufuku maonyesho yote ya jukwaani, ya uchi na yasiyo ya uchi. Mahakama ikasema hapana, mji hauwezi kufunga mlango wote namna hiyo. Mwaka 1991 likaja shauri la jimbo la Indiana, ambako sheria ilitaka mchezaji afunike walau ncha za matiti na sehemu za siri. Safari hii Mahakama ikaupa ushindi upande wa jimbo, kwa kura 5 dhidi ya 4. Mwaka 2000 ikarudia karibu msimamo huo huo katika shauri la mji wa Erie, Pennsylvania. Kwa ufupi, majaji wanasema hivi: mchezo huo unalindwa na Katiba, lakini ulinzi wake ni mwembamba. Jimbo au mji unaweza kuwavisha wachezaji kakitambaa, wala haulazimiki kufanya hivyo.

Hapo ndipo penye ufunguo wa jambo lote. Katiba ya taifa imeweka sakafu. Juu ya sakafu hiyo kila jimbo hujenga nyumba lipendavyo. Moja hujenga dari ya chini, jingine hujenga dari ndefu.

Tuanze na Oregon, anakofanya kazi binti. Katiba ya jimbo hilo ni ya tangu karne ya 19, na kifungu cha nane cha ibara yake ya kwanza kinakataza kutunga sheria ya kuzuia watu kujieleza juu ya jambo lolote lile. Mahakama ya juu ya Oregon imekisoma kifungu hicho neno kwa neno. Mwaka 1987 ikaifuta sheria ya jimbo iliyofanya uchapishaji wa mambo machafu kwa watu wazima kuwa kosa. Mwaka 2005 ikaamua shauri la mji mdogo wa Nyssa, ulioko kando ya mto Snake, mpakani na jimbo la Idaho. Nyssa ilikuwa imeamuru kwamba mchezaji aliye uchi akae umbali wa futi nne, yaani kama mita moja na robo, kutoka kwa mteja. Mahakama ikasema hata futi nne hizo zinavunja Katiba ya Oregon. Na ng'ambo ya mto, Idaho, sheria ya vileo haitaki uchi katika nyumba yenye leseni ya pombe.

Msidhani kwamba watu wote wa Oregon wanafurahia. Katika miaka ya 1994, 1996 na 2000 yalipelekwa mbele ya wapiga kura mapendekezo ya kubadili Katiba ili kupunguza ulinzi huo. Mara zote tatu wananchi waliyakataa. Sidhani kwamba wote waliokataa ni wapenzi wa kumbi hizo. Wako waliohofu kwamba ukishaipa serikali kisu cha kukatia maneno machafu, kesho itakata na maneno safi yasiyoipendeza.

Ndiyo maana Portland inasifika Marekani nzima kwa wingi wa kumbi hizi, na nyingi zina leseni halali ya kuuza vileo. Mchezaji yuko uchi, mteja ana bia, na polisi anapita zake.

Sasa tuvuke daraja twende Washington. Daraja lenyewe ni la chuma, la kwanza lilifunguliwa mwaka 1917 na pacha wake mwaka 1958. Safari ni ya dakika chache kama hakuna foleni, lakini ukifika upande wa pili umeingia dunia nyingine. Hata kodi hubadilika. Oregon haitozi kodi ya mauzo dukani, Washington inatoza. Washington haitozi kodi ya mapato kwenye mshahara wa mtu wa kawaida, Oregon inatoza. Kwa hiyo binti wa Magomeni analala Washington na kukatwa kodi ya mshahara Oregon.

Katika Washington, kwa miaka mingi, bodi ya vileo ya jimbo ilikuwa na kanuni iliyokataza uchi katika nyumba yenye leseni ya pombe. Mamlaka ya majimbo juu ya pombe yana historia yake. Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima mwaka 1920, ikaona balaa lake, ikaifungulia mwaka 1933 kwa Marekebisho ya 21 ya Katiba, na papo hapo ikayaachia majimbo kazi ya kuisimamia. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ilitumia hoja hiyo kuiruhusu California izuie maonyesho ya uchi kwenye baa. Mwaka 1996 majaji walisema kwamba Marekebisho ya 21 hayawezi kupunguza uhuru wa kujieleza, lakini wakaongeza kwamba jimbo bado lina uwezo wa kawaida wa kusimamia baa zake. Kwa hiyo majimbo mengi yakaendelea kumwambia mwenye ukumbi: chagua moja, uchi au pombe.

Ukumbi wa Washington ukachagua uchi, ukauza soda. Binamu wa binti alichoambiwa, basi, kilikuwa kweli. Kosa lake ni kudhani kwamba sheria ya nyumba moja ndiyo sheria ya mtaa mzima.

Jimbo hilo hilo la Washington lilitoa pia shauri mashuhuri la mji wa Renton. Mji huo uliamuru kwamba sinema za watu wazima zikae futi 1,000, yaani kama mita 300, kutoka kwenye makazi ya watu, makanisa, bustani za umma na shule. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ikaukubalia. Hoja haikuwa kwamba filamu zile ni mbaya. Hoja ilikuwa kwamba mji unaweza kuzuia madhara yanayoandamana na nyumba hizo: uhalifu, kushuka kwa thamani ya majengo, kuharibika kwa mtaa. Tangu siku hiyo wanasheria wa miji wamejifunza: usishambulie dansi, shambulia madhara yake.

Isidhaniwe kwamba mambo haya ni ya Oregon na Washington peke yake. Tazama mto Mississippi, unaotenganisha Missouri na Illinois. Mwaka 2010 Missouri ilitunga sheria kali: uchi kamili marufuku, pombe marufuku, ukumbi ufungwe kuanzia saa sita usiku hadi saa 12 asubuhi, na mchezaji aliyevaa nusu uchi akae futi sita kutoka kwa wateja, juu ya jukwaa. Mwaka 2011 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikasema sheria ni halali. Lakini ng'ambo ya mto, upande wa Illinois, viko vijiji kama Sauget ambavyo kumbi zake zinauza pombe na kukesha. Mtu wa St. Louis asiyeridhika na sheria ya kwao anawasha gari, anavuka daraja, na kodi yake ya starehe inabaki kwa jirani. Nayo Illinois haikulala. Mwaka 2012 ilitunga sheria ya kutoza dola 3 kwa kila mteja anayeingia katika ukumbi wa namna hiyo wenye vileo, ili fedha hizo zisaidie huduma kwa waliobakwa na kunajisiwa.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana tumezungumza juu ya futi na bia na mipaka, tukamsahau mtu mmoja. Huyu ni mwanamke anayecheza.

Katika kumbi nyingi za Marekani mchezaji hachukuliwi kuwa mwajiriwa. Anahesabiwa kama mfanyabiashara anayekodi jukwaa. Kabla hajapata senti moja ya mteja, anadaiwa ada na mwenye nyumba. Usiku ukiwa mbaya, anarudi nyumbani na deni. Sasa fikiri kanuni ya Washington ya kukataza pombe. Iliwekwa kwa jina la maadili. Lakini mwenye ukumbi asiyeuza bia atapata wapi faida? Aliipata kwa wachezaji wenyewe, kwa kupandisha ada. Sheria iliyotungwa kumkinga mwanamke na aibu ikamwongezea mzigo mabegani, na wateja, kwa taarifa yenu, hawakuacha kunywa. Walikunywa kwanza kwingine, ndipo wakaja wamelewa.

Wachezaji wa Washington hawakunyamaza. Walijikusanya, wakaenda bungeni na kusema kwa vinywa vyao. Mwaka 2019 ikapita sheria ya kuweka vitufe vya kuita msaada katika vyumba vya faragha. Mwezi Machi 2024 gavana Jay Inslee akatia saini sheria kubwa zaidi. Kumbi lazima ziwe na walinzi waliofunzwa. Vyumba vya kubadilishia nguo viwe na mlango wa kufuli ya namba. Ada kwa mchezaji isizidi dola 150, au asilimia 30 ya mapato yake ya zamu, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Na deni la leo lisibebwe hadi kesho. Kisha, kwa mara ya kwanza, njia ikafunguliwa kwa kumbi hizo kuomba leseni ya pombe. Walioitaka pombe iruhusiwe si walevi tu. Walikuwemo wachezaji, waliosema kwamba afadhali mwenye nyumba apate faida kwenye chupa kuliko kwenye ngozi zao.

Nao Oregon, wenye uhuru mpana kuliko wote, walikuwa na somo lao la kujifunza. Uhuru wa kucheza haumlindi mchezaji na bosi mwizi wala mteja mwenye mikono mirefu. Mwaka 2015 bunge la Oregon likatunga sheria kwamba kumbi zibandike tangazo mahali wanapolisoma wachezaji, la kuwaeleza haki zao kazini na namna ya kutafuta msaada. Karatasi ukutani ni jambo dogo, lakini mtu asiyejua haki yake hawezi kuidai.

Sasa, mama yangu wa Magomeni, narudi kwako.

Mwanao aliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, maana yake ana ruhusa ya kuishi na kufanya kazi huko kihalali. Ukumbi wenye leseni mjini Portland ni biashara halali kwa sheria za Oregon. Kukaa mlangoni na kukagua vitambulisho, ili watoto wasiingie, ni kazi halali. Kuishi Washington na kufanya kazi Oregon ni jambo wanalolifanya maelfu ya watu kila siku. Kwa hiyo jibu la swali lako, kwa kadiri ya ulivyonieleza, ni hapana. Mwanao havunji sheria.

Liko jambo moja la kutahadhari. Kucheza uchi ni kitu kimoja, na kuuza mwili ni kitu kingine. Ukahaba ni kosa katika Oregon na katika Washington; Marekani nzima ni baadhi ya wilaya za jimbo la Nevada tu zinazoruhusu madanguro yenye leseni. Na mgeni akihusishwa na biashara hiyo, sheria ya uhamiaji ni kali na anaweza kupoteza ukaazi wake. Mwambie mwanao aijue nyumba anayoilinda mlango. Kama ndani yake kuna vyumba ambavyo hata yeye haambiwi kinachofanyika, na atafute mlango mwingine wa kulinda.

Juu ya wajomba sina sheria ya kuwasomea. Wao wana haki ya kusema kwamba kazi ile haiwapendezi. Mimi pia, nikiulizwa kama ningependa binti yangu akae pale, ningejikuna kichwa. Lakini halali na ya kupendeza ni maneno mawili, na wao wameyafanya kuwa moja. Waliposema "atafungwa" walikuwa wanatafuta askari wa kuwasaidia hoja ambayo askari hana sehemu ndani yake. Kama hoja yao ni aibu, na waseme aibu, ili binti naye apate kuwajibu.

Tena wamekata shauri bila mwenye shauri. Simu siku hizi si ghali. Kabla ya kurudisha hata shilingi moja ya ada ya yule mtoto wa kidato cha tatu, mpigie binti, mama, wewe mwenyewe, si binamu. Muulize mambo matatu. Je, analipwa mshahara wake wote na kwa wakati? Je, usiku anapovuka daraja kurudi nyumbani, yuko salama? Na je, kama angepata kazi nyingine, angeondoka?

Jibu la swali hilo la tatu, wapelekee kaka zako. Hapo ndipo kikao kingepaswa kuanzia.

Ndugu wasikilizaji, barua zenu nazisubiri. Hadi juma lijalo, usiku mwema.